Kabla Hujamtandika Tausi

Mbotela, Jumapili mchana

Mwanangu Nyambura,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya jamaa wote wa nyumba hii na majirani wa ng'ambo ya kamba za nguo, natangaza kwamba zipu ya begi lako la safari imefariki leo saa nane unusu mchana. Iliugua kwa muda mfupi. Mama yako alikuwa akijaribu kuingiza sweta ya tatu. Marehemu ameacha begi moja, kufuli isiyo na ufunguo, na fundi wa ngozi mwenye miaka ishirini na sita kazini, aliyesimama pale akitazama. Mazishi yamefanyika kwenye pipa la taka. Nimeshona zipu nyingine, ya shaba, niliyoitoa kwenye koti la zamani. Hiyo itaishi kuliko wewe.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho na sijaipenda. Basi, ikae tu.

Wewe uko saluni unasukwa, na kwa jinsi ulivyochagua rasta nyembamba, nina mchana mzima. Mama yako ameenda kwa kina mama wa kanisa ili wakuombee, na pia awaringie kidogo. Nimekaa kwenye stuli yangu ya kazi, karatasi juu ya kipande cha ngozi, kipande juu ya goti, maana meza imejaa vitu vyako.

Sitakwambia kule ni baridi. Sitakwambia upige simu, wala ujihadhari na wanaume wanaokuita sista huku mkono unatafuta kiuno. Hayo mama yako ameyasema mara nne na ya tano iko njiani. Mimi nina neno moja, nalo linahusu tandiko la farasi. Nakusikia ukisema, "Buda, hata barua ya kuagana ni ya kazi?" Ndiyo, ni ya kazi. Nimeiandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo nitatia mzaha, wewe utacheka, nami nitacheka, na kesho asubuhi utapanda gari la Nanyuki ukiwa hujui unachokiendea.

Unakumbuka Alhamisi uliporudi kutoka kwenye ranchi? Hukuwa hata umevua viatu.

"Wamenipa Tausi!"

"Tausi ni nani?" mama yako akauliza.

"Ni farasi jike, mathee. Mweusi tii! Ameangusha wanaume wawili mwaka huu, mmoja akavunjika mkono. Meneja amesema nikimtuliza huyo kwa miezi mitatu, kazi ni yangu kabisa."

"Na usipomtuliza?" nikauliza mimi.

"Aah, Buda! Mtoto wa Mbotela nishindwe na farasi wa mashambani?"

Ukanipa simu nimwone. Nikavaa miwani. Picha ilikuwa imepigwa dakika ile ile tandiko lilipovuliwa. Mnyama alikuwa amelowa jasho kutoka shingoni hadi kiunoni, anang'aa kama sufuria jipya. Ila nyuma kidogo ya mabega, kushoto na kulia, kulikuwa na madoa mawili makavu. Kila moja ukubwa wa kisosi cha chai. Na ndani ya doa la kushoto, nilipoikuza picha kwa vidole, manyoya meupe machache.

"Mrembo, sivyo?" ukaniuliza.

"Mrembo," nikasema.

Nikakurudishia simu, nikatoka nje kutazama mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Nyambura, hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kuona madoa hayo. Mara ya kwanza nilisema vivyo hivyo, neno moja la kupitisha siku, na ndiyo maana mjomba wako anatembea kwa mkongojo.

Wewe unajua hadithi ya Wafula kama anavyoisimulia mwenyewe. Kaka mdogo wa mama yako, saisi hodari, mtu wa kulala na farasi na kuamka na farasi, kule Karen kwenye mabanda ya yule mzee wa kofia. Siku moja farasi mmoja kwa jina Kapteni akapandwa na shetani, akamrusha kwenye ua wa mbao, nyonga ikavunjika, na farasi akapigwa risasi jioni ile kwa kuwa kichaa. Umeisikia hadithi hii tangu ukiwa darasa la tano. Kila Krismasi huongezewa kitu. Mwaka jana Kapteni alikuwa anatoa povu na macho yamegeuka mekundu. Nilikuwa nimekaa pale mezani nikikata nyama. Nikaendelea kukata nyama.

Sasa uisikie upande wa chini, kutoka kwa mtu aliyekishona kilichokuwa chini.

Mimi sikufundishwa matandiko na mtu. Nilikuwa nashona viti vya mabasi pale mtaa wa Baba Dogo, viti na maturubai, ndipo siku moja Wafula akaja na gunia begani. Akalimwaga juu ya benchi langu. Tandiko. Limepasuka ubavuni, mshono umeoza, harufu yake ungedhani farasi mwenyewe bado yumo.

"Shemeji, hiki ni kiti tu," akasema. "Wewe si unashona viti?"

"Viti vyangu havili nyasi."

"Na hiki hakili. Anayekula ni wa chini yake. Fungua uone."

Nikafungua. Nikalifungua kama daktari asiye na cheti anavyofungua mgonjwa asiye na ndugu. Ndani nikakuta kiunzi cha mbao na chuma chenye umbo la mgongo. Chini ya kiunzi kuna mito miwili mirefu ya ngozi, mmoja kushoto mmoja kulia, na katikati yao mfereji, ili uti wa mgongo wa mnyama upite bila kuguswa na kitu. Mito hiyo imejazwa sufu. Hiyo ndiyo siri yote ya tandiko: uzito wa mtu unashuka kupitia kiunzi, mito inaugawa, na mgongo unaubeba bila kujua umebeba nini. Ukigawika vizuri, farasi anakusahau. Ukikusanyika mahali pamoja, hakusahau hata dakika moja.

Nililirudisha limesimama vizuri. Likaja la pili, likaja la kumi. Wenye farasi wakaanza kusema kuna fundi huko upande wa mashariki, mchafu lakini mkono wake unajua. Nikajivuna. Nilinunua kofia.

Tatizo lilikuwa sufu. Sufu safi ya kondoo, ya kujazia, haikai hapa Jogoo Road ikisubiri uipitie. Basi nikafanya kile ambacho mtu wa upande huu hufanya. Nikaenda Gikomba, nikachagua sweta za mitumba, zile nzito za baridi, nikazifumua uzi kwa uzi, nikazichambua kwa kitana cha chuma hadi zikawa laini kama mawingu, nikajazia. Nilijiona mwerevu kupita wote waliotangulia. Sweta zimevuliwa na Wazungu kule kwao, zimevuka bahari, nami nazirudisha chini ya makalio ya Wazungu wengine. Nilimsimulia kila mtu. Hata pasta nilimsimulia.

Na ilifanya kazi, ndilo baya lake. Matandiko manne, matano, hakuna lalamiko. Lilipofika tandiko la Kapteni nilikuwa sisomi tena lebo shingoni mwa sweta. Nilikuwa nashika kwa mkono tu na kusema hii ni sufu. Sweta tatu zilienda kwenye mito ya Kapteni. Moja ilikuwa sufu. Mbili zilikuwa nailoni.

Sufu ikipata jasho na joto hutulia, ukiipiga kidogo inainuka tena. Nailoni ikipata jasho, joto, na uzito wa mtu anayeruka juu na chini kila asubuhi, hujiviringisha. Inatafutana. Inafanya bonge. Kutoka nje huoni kitu. Ngozi imenyooka, mshono wangu umekaa sawa kama mstari wa daftari.

Baada ya wiki sita hivi Wafula akapita kazini.

"Shemeji, Kapteni amebadilika."

"Amebadilika aje?"

"Nikitoa tandiko kwenye msumari tu, masikio nyuma. Nikikaza mkanda wa tumboni, anataka kuniuma. Na alikuwa mpole, unamjua."

"Labda ameuangalia uso wako vizuri."

Tukacheka. Alicheka sana, Wafula, unavyomjua, mpaka akashika benchi. Baadaye, akiwa anatoka, akageuka mlangoni. "Lakini hebu siku moja uje umwone baada ya mazoezi. Kuna mahali hatoi jasho."

Nikaenda. Nataka ujue kwamba nilienda. Nilisimama kwenye lile banda la mabati, Kapteni amevuliwa tandiko, mvuke unampanda mgongoni, na nikaona madoa mawili makavu nyuma ya mabega, kama visosi viwili. Wafula akaweka kidole juu ya moja. Ngozi ya Kapteni ikatetemeka, vile ngozi ya maziwa hutetemeka ukiipuliza.

Nilijua wakati ule ule. Sikujua kwamba ni nailoni, lakini nilijua kwamba pale panapokosa jasho pamebanwa kupita kiasi, na kwamba kilichopabana kimetoka mikononi mwangu. Wafula akanitazama akingoja.

"Litazoeana tu na mgongo wake," nikasema. "Niletee Jumamosi nilifungue."

Nilikuwa na viti vya basi zima vya kumaliza kabla ya Ijumaa. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine miaka kumi na moja, iliyo nzuri kidogo, sijaipata. Na jambo lingine, Nyambura. Siku ile ile Wafula aliniambia, kama alivyokuwa ameniambia mara nyingi, "Hebu panda, shemeji. Hatua kumi tu. Usikie kazi yako mwenyewe." Nikamjibu kwamba fundi wa jeneza halali ndani ili kujaribu. Tukacheka tena.

Alianguka Alhamisi.

Sikuwepo, lakini nimeyasikia mara nyingi kuliko waliokuwepo. Walikuwa wanakimbia polepole, si mbio za maana. Kapteni akainama, akarusha miguu ya nyuma mara tatu, na Wafula akatua juu ya ua. Mzee wa kofia alikuwa pale. Akasema farasi aliyekuwa mpole akigeuka hivi bila sababu, hana dawa. Bila sababu. Neno hilo wakaambiana wote, na Wafula akalisema hospitalini kwa mdomo wake akiwa amefungwa uzani wa kuvuta mguu. "Bila sababu, shemeji. Nilimpenda yule, na bila sababu."

Nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji.

Jumatatu nikaenda kulichukua tandiko, nikasema linahitaji kushonwa lilipochubuka. Nikalifungua Baba Dogo peke yangu. Mto wa kushoto ulikuwa na bonge gumu, ukubwa wa kokwa ya parachichi. Wa kulia ulikuwa na mawili, madogo kidogo. Niliyaweka kwenye kiganja. Moja lilikuwa na uzi mwekundu, kutoka ile sweta niliyoipenda. Nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikampa mzoa taka wa asubuhi, na hadi leo yako Dandora mahali fulani chini ya taka za mji mzima. Nailoni haiozi. Halafu nikajaza sufu safi, niliyoitafuta kwa siku tatu nikaipata, kumbe inapatikana. Nikalirudisha. Yule mzee wa kofia akapitisha mkono chini yake, akanisifu.

Tangu siku hiyo sijatia sweta kwenye tandiko la mtu. Na mama yako alipokufungashia sweta tatu kwenye begi, samahani, sikuweza kutazama vizuri. Pengine zipu ingepona.

Sasa ukumbuke mlango wa chumba chako, upande wa nyuma. Ile karatasi ya kalenda iliyogeuzwa, yenye mstari mnene wa kalamu unaopanda, unapinda na kushuka. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ni nini, nikanyamaza, ukaamua mwenyewe kwamba ni Mlima Kenya. Ukauchorea theluji kwa chaki na mti mmoja chini. Nimeuacha pale miaka yote hiyo. Si mlima, mama. Ni mgongo wa Kapteni, pale mabega yanapokutana, nilioupima kwa waya wa henga ya nguo na kuuchora ili tandiko limkae. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana sikuweza kuutupa.

Leo asubuhi, mlipokuwa ibadani, nilimwendea Wafula. Alikuwa kwenye kibanda chake cha maji, anapanga mitungi, mkongojo umeegemea ukuta. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, na hali ya hewa, nikajikuta nimesema yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika. Sweta, lebo, mabonge, Jumamosi.

Akakaa juu ya mtungi. Mwanamke mmoja akaja kutaka maji, akamwambia arudi baadaye.

"Kwa hivyo Kapteni hakuwa na wazimu," akasema.

"Hakuwa."

"Alikuwa ananiambia."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemtukana miaka kumi na moja." Akafuta uso kwa mkono wenye maji. "Kila Krismasi, shemeji. Nimemtukana mbele ya watoto."

Nilingoja aniseme mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, hata maneno ya kumsaidia nilikuwa nayo. Hakusema. Nikamwonyesha picha ya Tausi, uliyomtumia mama yako naye akanitumia. Alitazama kitambo kirefu, akaikuza kwa vidole kama mimi, na vidole vyake vikasimama mahali pale pale.

"Huyo mtoto anaenda lini?"

"Kesho."

"Mwambie." Akasimama kwa shida. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akauchukua mkongojo badala yake. "Mwambie leo. Na umwambie kazi zipo, lakini nyonga haiuzwi Gikomba."

Hakusema amenisamehe. Alisema nisimsindikize. Usimpigie simu kumuuliza, tafadhali. Mwache aje mwenyewe akitaka.

Basi nakwambia.

Kupanda wamekufundisha wengine. Tangu kidato cha kwanza uliponifuata kupeleka matandiko, masaisi wakakuweka juu na mama yako akapiga kelele mwezi mzima, umekuwa mpandaji, na wanasema mzuri. Lakini hakuna aliyekufundisha kutazama chini, kwa sababu wa kukufundisha hilo alikuwa mimi, na mimi nilikuwa na sababu zangu.

Ukifika kesho watataka kuona kama unaogopa. Watamleta Tausi akiwa ametandikwa tayari. Usipande. Sema unataka kumtandika mwenyewe, hakuna mwenye farasi atakayekukatalia hilo. Umvue kila kitu, hata blanketi, maana blanketi nene huficha dhambi za fundi. Nakuambia kama fundi. Kisha tumia viganja vyako tu. Mpapase pande zote mbili za uti wa mgongo, polepole, bila kubonyeza kama unakanda unga. Mahali atakapotetemeka, simama hapo. Tazama nyuma ya mabega: kama nyama imezama na kufanya mashimo, hayo hayakuanza jana. Manyoya meupe uliyoyaona ukadhani ni urembo ni makovu.

Halafu uligeuze tandiko juu chini magotini mwako, kama unavyomgeuza mtoto, na upitishe viganja kwenye mito yote miwili kwa pamoja. Utalisikia bonge kabla hujaliona. Kama hulisikii, liweke mgongoni bila blanketi, ulisogeze nyuma hadi lijikalie lenyewe, uchungulie kutoka nyuma. Ukiona mwanga unapita kwenye mfereji kutoka mwisho hadi mwisho, vyema. Usipouona, limemkalia kwenye mfupa. Mwenzako akae juu, wewe uingize vidole kati ya tandiko na kinundu cha mabega. Vitatu viingie. Vikiingia viwili kwa kubanwa, muda si mrefu ataangusha mtu wa tatu.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi utakuta waya ulionyooshwa. Si takataka, usiutupe; ni henga ile ile. Umpime Tausi nao, akisimama mahali tambarare, uchore kwenye karatasi, unipigie picha. Na umpime tena kiangazi kikikaza, maana farasi akikonda mgongo hubadilika, na tandiko lililomkaa mwezi wa sita laweza kumuumiza mwezi wa kumi. Hilo sikulijua hadi nilipozeeka kazini.

Na wewe pia ujipime, mama. Nitalisema mara moja kisha nitazame pembeni: matandiko mengi ya mashambani yameshonewa wanaume, na wewe si mwanamume. Likikuuma, likikusukuma mbele hadi unashikilia shingo, au likikutupa nyuma hadi vikuku vya kukanyagia vinakukimbia, usijiambie utazoea. Nilishamwambia mtu litazoeana. Mpandaji anayeumia hujikunja upande mmoja, na farasi ndiye anayebeba ule mkunjo. Kaa, uone kama kiganja chako kinaingia nyuma ya makalio. Kisipoingia, hicho kiti si chako.

Meneja atakasirika. Ninamjua bila kumwona. Nimewashonea wengi kama yeye. Atasema farasi ana tabia mbaya, tandiko ni zuri, limetumika miaka. Atakuambia kama unaogopa useme. Hapo ndipo ninapokuogopea, Nyambura, kwa sababu umerithi kwangu kitu kimoja kibaya: hupendi mtu akuone umeshindwa. Utataka kupanda ili uwaonyeshe. Utaongea na Tausi kwa sauti ndogo, atatulia kwa wiki mbili kwa sababu una mkono mwepesi, utanipigia simu ukicheka, nami nitacheka. Na bonge litakuwa pale pale. Farasi hakurushi siku anapoanza kuumia. Anavumilia, anasema kwa masikio, anasema kwa mkia, anasema kwa jasho, na siku atakayochoka itakuwa asubuhi ya kawaida tu, hamkimbii mbio za maana.

Na akikuangusha, watampiga risasi yeye. Watasema bila sababu.

Kwa hivyo nakuomba ukatae. Sikuombi mengine. Kama mgongo unauma, mwambie meneja Tausi apumzishwe hadi mashimo yale yajae, na tandiko liletwe kwangu kwenye gunia, nitalifungua siku litakapofika, hata kama nina viti vya mabasi kumi. Akikufukuza, rudi nyumbani. Chumba chako hakina mpangaji. Mama yako atapiga kelele, kisha atapika chapati.

Nasikia sauti yako pale kwa maji, unawaonyesha watu rasta. Umepita kwa Wafula. Sisikii anachokuambia, lakini dirishani namwona amesimama, na anakuchorea kitu hewani kwa mkongojo, kinapanda, kinapinda, kinashuka.

Basi niikunje niitie kwenye begi kabla hujaingia. Ukiisoma utakuwa karibu na Nanyuki, na mlima wenyewe utakuwa kulia kwako, kama mawingu yamekubali. Wakikuuliza haya yote umeyajua wapi, waambie baba yako ni fundi wa matandiko, Baba Dogo, na wenye farasi wa mji huu wanaujua mkono wake. Ishia hapo. Maana kuna mmoja atakayeuliza, kama Wafula alivyokuwa akiniuliza, baba yako amepanda farasi wangapi.

Hata mmoja.